Je, Wajua? Jinsi Kiingereza Kilivyoupanda Kilimanjaro

Je, wajua kwamba mtu aliyewapa wasomaji wa Kiingereza habari za theluji ya Kilimanjaro, baada ya kuiona kwa macho yake, hakuwa Mwingereza? Alikuwa Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, aliyetumwa Afrika Mashariki na Church Missionary Society, chama cha wamisionari chenye makao London. Alifika Rabai, nyuma ya Mombasa, mwaka 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake aliyetumwa na chama hichohicho.

Tarehe 11 Mei 1848, akielekea Uchagani pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri wa Mombasa, Rebmann aliona weupe juu ya mlima. Bwana Kheri alikuwa mtu wa pwani, theluji hajawahi kuigusa, naye akaueleza weupe ule kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Kwa Rebmann, aliyekulia kwenye nchi ya theluji, hilo lilitosha.

Habari ilichapishwa London mwaka 1849, na mara moja ikapata mpinzani. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika mengi juu ya Afrika bila kuikanyaga, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hakuacha kubisha hata baada ya Baron Klaus von der Decken kuupanda mlima ule mwaka 1862, akiwa na Otto Kersten, na kunyeshewa theluji hukohuko. Basi ndivyo Kiingereza kilivyokutana na Kilimanjaro: Mswahili anaongoza, Mjerumani anaandika, msomi wa London anakanusha. Na tangu siku hizo mpaka leo, Kiingereza cha mlima huu kimebebwa zaidi na watu ambao kwao si lugha ya mama.

Waingereza wenyewe walikaa muda mfupi

Walikuwapo, bila shaka. Charles New, mmisionari Mmethodisti, aliufikia mpaka wa theluji mwaka 1871. Harry Johnston alikuja mwaka 1884, akakaa miezi kadhaa, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilichotoka mwaka 1886 kina kurasa nyingi juu ya lugha alizozisikia huku. Wote wawili walipokelewa na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Lakini hawakuzungumza naye kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimeshafika kabla yao pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na mazungumzo ya siasa na biashara kwenye ua wa Mangi yalipita humo.

Church Missionary Society walifungua kituo Moshi mwaka 1885. Kikadumu miaka saba tu. Mwaka 1892 askari wa Kijerumani walishindwa vitani na Mangi Meli, mwana wa Rindi, na Wajerumani wakawatupia lawama wamisionari wa Kiingereza. Wamisionari hao wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakashika nafasi yao, na mlima ukawa wa Kijerumani kwa zaidi ya miaka 20. Meli mwenyewe alinyongwa na serikali ya Wajerumani, Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900.

Moschi, Dschagga, Kilimandscharo

Ramani za Kijerumani za wakati ule zinamsumbua msomaji wa leo. Moshi imeandikwa Moschi, Wachagga ni Dschagga, na mlima ni Kilimandscharo. Kijerumani huhitaji herufi tatu kuandika sauti ya sh, na nne kuandika j yetu.

Jinsi tunavyoandika leo ilikwishatengenezwa na wamisionari waliofanya kazi kwa vyama vya Kiingereza, hasa Edward Steere wa Zanzibar. Kanuni yao ilikuwa irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na kusanifisha Kiunguja, ilijenga juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo kila unapoandika sh ya shamba, ch ya chai au y ya yai, unatumia desturi ya Kiingereza. Nadhani hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Kiingereza kimelifanyia Kiswahili, ingawa wanaobishana kuhusu maneno ya mkopo hawalitaji kamwe.

Kijerumani nacho hakikuondoka mikono mitupu. Mtoto wa Moshi huenda shule, neno lililotoka kwa Wajerumani. Mtoto wa Unguja huenda skuli, lililotoka kwa Waingereza. Tofauti hiyo ndogo inakuonyesha nani alitawala wapi.

Kaburu aliyeleta Kiingereza

Je, wajua kwamba jeshi lililokirudisha Kiingereza Moshi, Machi 1916, liliongozwa na mtu aliyewahi kuwapiga Waingereza risasi? Jenerali Jan Smuts alikuwa Kaburu wa Afrika Kusini, kamanda wa upande wa Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902. Miaka 14 baada ya vita hivyo kwisha aliingia Moshi akiwa mkuu wa majeshi ya Uingereza. Maagizo yaliandikwa kwa Kiingereza, lakini safuni walikuwamo Makaburu, Wahindi wa makabila mbalimbali, na askari wa King's African Rifles ambao kwao Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Waliokuja baada yao ni walewale wa lugha mbili. Wamisionari wa Kijerumani walipofukuzwa baada ya vita, waliokuja kusaidia makanisa ya Kilutheri miaka ya 1920 walikuwa Wamarekani wa Augustana, kanisa lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sweden. Kiwanda cha sukari cha Arusha Chini, ambacho kila mtu Moshi anakiita TPC, kilianzishwa na Wadenmark mwaka 1930 kwa jina la Kiingereza, Tanganyika Planting Company. Wakulima wa kahawa wa Kichagga nao walipounda chama chao mwaka 1925 walikiita Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 kikazaliwa kile kilichodumu, KNCU. Mzee wa Kibosho aliyekuwa hajui sentensi moja ya Kiingereza alizitaja herufi hizo nne kwa matamshi ya Kiingereza, na mjukuu wake anazitaja hivyohivyo. Ongeza na KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, utaona kwamba kwa watu wengi wa mlimani Kiingereza kiliingia kwanza kama herufi za kutamka, kabla hakijawa lugha ya kuzungumza.

Old Moshi Mashariki

Tazama jina la kata hii ya Wilaya ya Moshi: Old Moshi Mashariki. Jirani yake ni Old Moshi Magharibi. Moshi ya kwanza ilikuwa huko juu kwenye migomba, kwenye ikulu ya Rindi na boma la Wajerumani. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji ukashuka kuifuata stesheni. Wajerumani wakawa na Alt-Moschi na Neu-Moschi. Waingereza walipochukua nchi walitafsiri, na Kiswahili cha serikali kikaongeza mashariki na magharibi bila kuliondoa lile neno la Kiingereza. Lugha tatu zimepita kwenye ubao mmoja wa ofisi ya kata, na wenyeji hawaoni ajabu yoyote.

Chini mjini kuna kitongoji ambacho mgeni kutoka Uingereza hushtuka akilisikia jina lake. Shantytown kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda vya mabati na mbao, wa watu wasio na kitu. Shantytown ya Moshi ni mtaa wa nyua kubwa, mijakaranda na nyumba za wenye uwezo. Ukimwambia Mmoshi umepanga Shantytown, atakuhesabu kati ya walionacho.

Yai la Kent na lugha za Uchagani

Kiingereza nacho kilikuwa lugha ya makabila madogo. Katika karne ya 5 Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka bahari kutoka pwani za Denmark na kaskazini mwa Ujerumani, wakaingia kisiwa cha Britania ambako Warumi walikuwa wamekwishaondoka. Hawakuwa na lugha moja. Walikuwa na lahaja zinazokaribiana. Kuanzia karne ya 8 wakaja Waviking, ambao lugha yao ya Kinorse ilikuwa jamaa wa karibu, na wakalowea. Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa, wakatwaa kiti cha enzi, na kwa karibu miaka 300 wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Kiingereza kilibaki lugha ya mashambani na jikoni.

Kisa kinachopendwa zaidi katika historia hiyo kilisimuliwa mwaka 1490 na William Caxton, aliyeleta mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476. Wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa jahazi walikwama mtoni Thames kwa kukosa upepo, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mwenye nyumba mayai, akitumia neno la kaskazini, egges. Yule mama akajibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakijui. Alikuwa anazungumza Kiingereza. Mwenzake ndipo akasema eyren, na mama akaelewa mara moja. Eyren lilikuwa neno la asili la Waangli na Wasaksoni. Egges lilikuwa la Waviking. Leo dunia nzima inasema egg, kwa hiyo aliyeshinda ni mgeni.

Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa kisa hicho mara mbili. Kinachoitwa Kichagga ni mnyororo wa lugha: Kisiha na Kimachame magharibi, kisha Kibosho, Kimochi, Kivunjo, mpaka Kirombo mashariki. Majirani wanaelewana. Wa ncha mbili hawaelewani. Mmachame na Mrombo wakikutana stendi ya Moshi, huzungumza Kiswahili, na wala hawaoni aibu.

Kilichoamua Kiingereza kipi kiwe Kiingereza kilikuwa mtambo wa Caxton, Biblia iliyotafsiriwa, na ofisi za London. Uchagani kazi hiyo ilianza pia. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, aliishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, akiandika sheria, methali na mafundisho ya wazee. Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kimochi lilichapishwa mwaka 1939. Hata hivyo kila upande wa mlima ulitaka lahaja yake, Wakatoliki na Walutheri walikuwa na maeneo yao, na Kiswahili kilikuwapo tayari kwa kila jambo la pamoja. Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alipotaka kuandika kitabu juu ya mila za watu wake, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, alikiandika kwa Kiswahili. Akapata wasomaji nchi nzima, na naamini aliamua vyema. Lakini lugha ambayo haiandikwi hupungua kila bibi anapozikwa, na hilo linaniuma kila nisikiapo watoto wa Marangu wakimwamkia babu yao kwa Kiswahili peke yake.

Neno moja la Kivunjo lililozunguka vyuo vikuu

Je, wajua kwamba kitenzi kimoja cha Kivunjo kimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa isimu ambao hawajawahi kuiona Tanzania? Mwaka 1990, Joan Bresnan wa Chuo Kikuu cha Stanford na Lioba Moshi, Mtanzania anayekifahamu Kivunjo kwa undani, walichapisha makala katika jarida la Linguistic Inquiry juu ya vitenzi vya lugha hiyo. Miaka minne baadaye Steven Pinker alichukua mfano kutoka humo, akauweka katika kitabu chake The Language Instinct, kilichosomwa sana.

Chukua mtu anayekula chakula kwa ajili ya mkewe. Mvunjo husema naikimlyiia. Neno moja lenye vipande vinane. N ya mwanzo inasisitiza kwamba hili ndilo linalosemwa. A ni huyo anayekula. I inaonyesha kwamba ni sasa hivi. Ki ni chakula, kelya, cha ngeli ileile ya ki tunayoijua. M ni mke. Lyi ni mzizi, ndugu wa kula kwetu. I inayofuata ni ile tunayoiita kauli ya kutendea, na a inafunga neno.

Kiswahili kinakwenda na Kivunjo hatua kadhaa, kisha kinaachwa nyuma. Tunaweza kusema anamlia. Hatuwezi kumtia mke na chakula ndani ya kitenzi kimoja, anakimlia hakuna. Kivunjo kinabeba wote wawili, na kila mmoja ana haki sawa katika sarufi, jambo lililowavutia Bresnan na Moshi. Na kama ilivyo kwa Kiswahili, kumlia mke chakula kwaweza kuwa kumsaidia au kumdhulumu. Mazingira ndiyo yanayoamua.

Pinker alipiga hesabu kwamba ukiunganisha viambishi vyote kwa njia zote zinazokubalika, kitenzi kimoja cha Kivunjo kina maumbo yapata nusu milioni. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina manne.

Zamani Kiingereza hakikuwa maskini hivyo. Miaka 1,000 iliyopita nomino zake zilikuwa na jinsia tatu na miisho iliyobadilika kufuatana na kazi ya neno katika sentensi. Jua lilikuwa la kike na mwezi wa kiume. Wif, neno la mwanamke lililozaa wife ya leo, halikuwa la kike. Lilikuwa la jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Miisho hiyo ikapukutika kuanzia kaskazini na mashariki, kule walikolowea Waviking. Wanaisimu wengi wanaona sababu kuwa ni hiyohiyo: majirani wa lugha mbili zinazofanana walielewana kwa mizizi ya maneno, na miisho iliyowatofautisha wakaiacha. Hata viwakilishi walivichukua kwa wageni. They, them na their ni vya Waviking. Kwa maana hiyo, Kiingereza kilirahisishwa na watu wazima waliojifunza ukubwani, kazi ambayo watu wa Moshi nao wanaiendeleza leo.

K isiyosemwa

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiwa Umbwe au Weruweru huandika knife na night, kisha huuliza k na gh zinafanya nini humo. Zilikuwa zinatamkwa. Mwingereza wa karne ya 14 aliitamka k ya knife wazi kabisa, na gh ya night ilikuwa karibu na kh ya kheri anavyoitamka mtu wa Lamu. Wachapaji wakaanza kuzigandisha tahajia katika karne ya 15, ilhali matamshi yalikuwa bado yanakwenda: kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama mahali pake mdomoni. Ndiyo maana maandishi na sauti vimeachana. Kiswahili, ambacho Kamati ilianza kukisanifisha mwaka 1930 kwa kufuata masikio, kiliepushwa na balaa hilo. Mwalimu wa Kiingereza anayelieleza darasa jambo hili dakika 10 anawapunguzia watoto mzigo mkubwa, maana wanaacha kudhani kwamba wao ndio wazito.

Mlima ulivyoilipa lugha

Kamusi za Kiingereza zina maneno yetu: safari, bwana, askari, boma, uhuru, ujamaa. Safari iliingia kupitia maandishi ya Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859. Kwa Kiingereza ilibanwa maana, ikawa safari ya kuwinda au kutazama wanyama. Mwingereza anayekwenda kazini kwa treni hayumo safarini.

Jina jingine limetoka ng'ambo ya uwanja wa ndege wa KIA, machimbo ya Merelani. Jiwe la buluu lilipogunduliwa huko mwaka 1967, kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ndiyo iliyolibatiza tanzanite mwaka uliofuata, ikiunganisha jina la nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne tu na kiishio cha Kigiriki cha majina ya madini. Mwaka 1936, hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Snows of Kilimanjaro, ilikwishalipeleka jina la mlima kwenye kila maktaba ya Marekani. Chui aliyeganda anayetajwa mwanzoni mwake si wa kubuni: mchungaji Richard Reusch, aliyezaliwa Urusi, alimwona kwenye ukingo wa Kibo mwaka 1926.

Majina njiani kwenda Uhuru

Anayepanda kwa njia ya Marangu analala kwanza Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo. Vibanda viwili vya kwanza vilikuwa na majina ya Kijerumani, Bismarck na Peters, na la pili lilikuwa la Carl Peters ambaye ukatili wake Marangu haujasahauliwa. Sasa vina majina ya Rindi wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni. Juu ukingoni ni Gillman's Point, kwa jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyewatumikia Wajerumani na baadaye Waingereza, aliyefika hapo mwaka 1921. Ukiendelea unakuta Stella Point, kwa jina la Stella Latham wa Afrika Kusini, aliyefika na mumewe mwaka 1925. Mito ya barafu imebaki na majina ya wataalamu, wengi wao Wajerumani: Rebmann, Ratzel, Credner, Kersten. Na kileleni, palipoitwa Kaiser-Wilhelm-Spitze tangu Hans Meyer alipopafikia mwaka 1889, pakawa Uhuru baada ya Luteni Alexander Nyirenda kusimika bendera na mwenge usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kiingereza hapo kimebakiwa na maneno ya kawaida tu, hut, point, gate na peak. Majina yenyewe mengi ni ya wengine.

Simama lango la Machame asubuhi ya msimu wa wageni usikilize. Mbele ya dirisha la usajili pana daftari lenye safu za Kiingereza: jina, umri, taifa, kazi, jina la kiongozi. Mpoland anajaza baada ya Mkorea, Mbrazili anasubiri nyuma. Kiongozi, kijana wa Kibosho, anawaeleza kwa Kiingereza kuhusu maji ya kunywa na kichwa kuuma, kisha anawageukia wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, na kupanga mizigo kwa Kiswahili, huku mmoja wao akimtania kwa Kichagga. Hakuna mzaliwa wa Kiingereza hata mmoja kati yao, na hakuna aliyeshindwa kuelewa. Neno la kwanza ambalo wageni wote hujifunza ni pole pole, na kiongozi ataendelea kuwaambia hilo siku sita, kwa sababu anayekimbia ndiye anayerudishwa chini kwa machela.

Kihamba mbele ya hakimu

Je, wajua kwamba Waingereza walihitaji sheria ili watumie lugha yao katika mahakama zao? Mwaka 1362 Bunge lilipitisha kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikujulikana vya kutosha na watu walikuwa wakihukumiwa bila kuelewa walichoshtakiwa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na mawakili waling'ang'ania Kifaransa chao cha kisheria kizazi baada ya kizazi. Mpaka mwaka 1733 ndipo mahakama za Uingereza zilipolazimishwa kutumia Kiingereza kwa kila kitu.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Katika mahakama za mwanzo Kiswahili kilikuwapo siku zote. Kwenye mahakama za juu ndiko mtu alikopewa hukumu ya kurasa 20 kwa lugha ambayo ilimbidi amlipe mtu amsomee, na kwa mlima huu jambo hilo ni zito, kwa sababu kesi zinazoumiza zaidi ni za ardhi, na ardhi ya kugombewa ni kihamba: shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi ya ukoo, linalorithiwa na wana. Neno hilo Kiingereza hakikuweza kulitafsiri. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza sheria za Wachagga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliliacha kama lilivyo, na mahakimu waliliandika hivyohivyo katikati ya hukumu zao za Kiingereza. Kwa hiyo hata mkulima wa Mwika asiyejua Kiingereza, akipewa hukumu yake, aliweza kuona ni wapi katika kurasa hizo anazungumziwa yeye.